Ganzi ya Gego

Ndoo moja huku Chinangali, mwezi wa kumi,
ni mia tano ikiletwa na punda wa Masima,
mia saba punda akiwa amechoka.
Mimi nanawa ndoo tatu kwa siku
na mikono bado haijatakata.

Si uchafu. Najua si uchafu.
Miaka kumi na moja nimepima zabibu za watu,
naujua uongo wa jiwe la mizani hata likifichwa chini ya gunia.
Lakini kichwani mwangu mna mizani nyingine
na mwenye mizani hajawahi kusema: basi, imetimia.
Vidole hadi kiwiko. Kiwiko hadi vidole.
Nikikosea hesabu, naanza alifu.

Chilewa, mume wangu, hasemi.
Anatazama maji yakinywewa na vumbi
kama mtu anayetazama mshahara wake ukiungua.
Mama mkwe akasema nikaombewe. Nikaombewa.
Mchungaji alinishika mikono yote miwili;
usiku ule kazi yangu ilikuwa kuitoa mikono yake
kwenye mikono yangu.

Kisha gego likaoza.
Dodoma mjini, kiti cha kulalia chali, taa usoni,
sindano ya ufizi, na mtu wa meno akiuliza: Unasikia?
Nasikia.
Akangoja. Unasikia?
Shavu likawa la mtu mwingine, ulimi ukawa gunia.
Likang'oka kwa mlio wa muhogo ukivunjwa
nami nimelala tu, kama jirani
anayesikia ugomvi wa nyumba ya pili.

Sasa hili ndilo lililonileta hapa:
nilishika nguzo za stendi, nilishika chenji,
nilimpakata mtoto wa watu, hana nepi,
nikafika nyumbani magharibi,
ndoo imejaa mpaka ukingoni,
na mimi sikuiona.

Asubuhi ganzi ilikwisha.
Mwenye mizani akarudi, na deni la jana mkononi.

Nilimsimulia Daktari Nyemo nikitegemea acheke.
Alifungua daftari.
Kumbe wapo wanaouliza swali hilihili:
dawa inayofisha ganzi ufizi,
ikipitishwa kwenye damu, pole pole,
yaweza kulifisha ganzi neno "tena"?
Hajui. Alisema hajui mara tatu, nikampendea hilo.
Jino moja si ushahidi, alisema,
huenda ulikuwa uchovu, huenda maumivu yalimaliza zamu yote.
Ndiyo maana chupa ni mbili:
moja ina ganzi, nyingine maji ya chumvi,
na hata anayetundika dripu haambiwi.

Kabla sijatia dole gumba kwenye karatasi nikauliza:
Ikinifaa, itaondoka na nini kingine?
Nikimgusa Sechelela wangu kipaji usiku wa homa,
nitaujua moto wake?
Akanyamaza. Akaliandika na hilo.

Wiki ya tano. Matone yanashuka
kwa mwendo wa punda wa Masima.
Nayahesabu, bila shaka nayahesabu,
nani amwambie mtu kama mimi asihesabu matone?
Mia mbili na kumi, mia mbili na kitu...
Hapo nikapotea.
Sikurudi alifu. Nilikuwa natazama dirishani
mfuko wa rambo ulionasa kwenye mchongoma,
upepo unauvuta, mwiba unakataa.

Jana nilinawa ndoo mbili na kata nne.
Labda ganzi. Labda chumvi.
Labda ni kuulizwa tu, kila Jumanne,
na mtu anayeandika jibu.
Chilewa aliyachukua yaliyobaki, bila neno,
akayamimina kwenye shina la mzabibu nyuma ya choo,
ule usioivisha kitu, ambao ukila punje mbili
meno yanaingia ganzi.

Nikala tatu, bila kuziosha.
Kisha nikanawa, sikudanganyi.
Lakini kwanza nilizitafuna.